Frigo iliyokufa ni kabati zuri, lakini haipozi kompyuta

Kwa Bwana Mhariri,

Nimesoma katika toleo lenu lililopita habari ya vijana wa mji wetu wanaochukua frigo zilizoharibika, wakatoa rafu, wakaweka ndani kompyuta ya kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima, yaani seva. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiipa kazi hiyo nafasi, kwa kuwa mimi mwenyewe ni fundi wa kompyuta hapa Katuba, Lubumbashi, na seva ya nyumbani kwangu imo ndani ya kongelateri, yaani friza, ya zamani. Hata hivyo kuna jambo moja katika habari ile ambalo siwezi kuliacha lipite kimya. Mwandishi wenu alieleza kwamba faida kubwa ya frigo ni kuikinga mashine na joto, na kwamba mlango ukifungwa vizuri seva itadumu miaka mingi. Mambo yako kinyume, na kwa kuwa kosa hilo liliwahi kunigharimu diski yangu mwenyewe, naomba nafasi ya kulieleza.

Frigo, au jokofu kama wanavyoandika wenzetu wa pwani, ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mtambo, yaani kompresa, mabomba na gesi inayozunguka ndani yake. Halafu kuna sanduku, ambalo ni bati nje, plastiki ndani, na katikati povu gumu la poliyurethani. Mzee mmoja wa Kamalondo, aliyeanza kutengeneza frigo kabla mimi sijazaliwa, alinifafanulia jambo hili akiwa amechuchumaa mbele ya kompresa aliyokuwa ameipasua katikati: "Mwanangu, frigo haileti baridi. Inatosha tu moto ndani, inautupa inje." (Kwa wasomaji walio mbali na Lubumbashi: kwetu kutosha ni kutoa, na moto ni joto.) Ukigusa mgongo wa frigo inayofanya kazi utaukuta una joto, na hilo ndilo joto lililokuwa katika nyama na maji yako. Kompresa ikifa hapabaki wa kulitoa. Linabaki povu peke yake, ambalo kazi yake ni kuzuia joto lisipite, na ambalo halijui kama joto hilo liko nje likitaka kuingia au liko ndani likitaka kutoka. Sasa kumbuka kwamba karibu kila wati ya umeme inayoingia katika kompyuta hugeuka joto. Kuifungia kompyuta ndani ya frigo iliyokufa ni sawa na kumvalisha mtu mwenye homa makoti matatu.

Naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu mabishano haya hayaishi. Chukua kongelateri ya kulala ya lita 300 hivi, kama zile wanazotumia kina mama wanaouza maji ya baridi na samaki. Kuta, kifuniko na sakafu yake vikijumlishwa vinakaribia mita za mraba 3, na povu lake lina unene wa sentimita 5. Sanduku la namna hiyo hupitisha takriban wati 1.5 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye diski mbili inaweza kula wati 60 hata pale isipofanya kazi nzito. Ili wati hizo 60 zipenye kuta na kutoka, ndani lazima kuwe na joto la digrii 40 zaidi ya lile la chumba. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kukolea, chumba chenye paa la mabati hapa kwetu hufika digrii 32 mchana bila taabu, na hapo mashine inakaa katika digrii 72, ilhali diski ngumu nyingi za kompyuta zimewekewa na watengenezaji wake kikomo cha digrii 60. Frigo ndogo ya kusimama ni mbaya zaidi, kwa sababu kuta zake ni ndogo na joto lina pa kutokea padogo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini imani hii haifi. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, kwa mfano Raspberry Pi, ambayo hula chini ya wati 10, ikifungiwa ndani ya kongelateri ile itapandisha joto digrii 6 au 7 tu, na haitadhurika. Kijana anafunga kifuniko, anangoja wiki mbili, anaona mashine ingali hai, kisha anawaambia rafiki zake kwamba frigo inapoza. Rafiki yake anakwenda kuweka kompyuta kubwa ya ofisi, na mwezi haujaisha anakuja kwangu na diski inayogonga kama saa ya ukutani.

Kuna atakayejibu kwamba basi tutumie frigo nzima, ambayo mtambo wake bado unafanya kazi. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliweka kompyuta ya mezani ndani ya frigo ndogo iliyokuwa nzima, nikakata pembe ya mpira wa mlango ili nipitishe nyaya. Frigo ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya chakula: sufuria ya mboga inaingia na joto lake, inapoa, halafu haitoi joto tena, na kompresa inapata nafasi ya kupumzika. Kompyuta haipoi. Inatoa joto saa 24, na kompresa yangu haikuzimika hata mara moja kwa siku tisa, wakati hesabu ya umeme ikipanda karibu maradufu. Lakini kilichoniangusha kilikuwa umande.

Ilikuwa Februari, mvua zikiwa zimeshika. Jioni umeme ukakatika kwa ile zamu ambayo sote tunaiita delestaji, na frigo na kompyuta vikazimika pamoja. Barafu iliyoganda juu ya bamba la ndani ikaanza kuyeyuka na kudondoka. Hewa yenye unyevu ikaingia kupitia pale nilipokata mpira. Na bati la kompyuta, ambalo lilikuwa limepoa kwa kuwa mashine haikuwa ikifanya kazi, likaanza kuvuta maji. Umeme ulirudi saa kumi usiku. Nilikuwa nimeipanga mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, tena nikijisifu kwa ujanja huo, na ikajiwasha ikiwa imelowa. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta matone yamejipanga juu ya diski kama jasho kwenye chupa ya bia ya Simba iliyotolewa barafuni ikawekwa mezani. Ubao mama ulikuwa umeungua kwenye pembe moja, na diski haikuzunguka tena. Karibu kila kitu nilikuwa na nakala yake, isipokuwa picha za kilio cha mama yangu, ambazo nilikuwa nimezihamishia humo wiki ileile.

Sisemi kwamba gesi ya frigo haiwezi kupoza kompyuta. Ile mashine mashuhuri ya Marekani, Cray-1, ambayo ya kwanza ilifungwa Los Alamos mwaka 1976, ilipozwa kwa Freon, na ilikula takriban kilowati 115. Lakini walioiunda hawakuiweka ndani ya kabati la baridi. Kati ya mbao mbili za saketi walibana bamba nene la shaba, na shaba hiyo ikabeba joto moja kwa moja hadi kwenye nguzo zenye mabomba ya Freon. Joto lilitengenezewa barabara. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko povu la frigo, na sisi tuliokua tukiitazama ile chimini ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini ya shaba, kila asubuhi, ambao wazee wetu walifanya biashara kwa misalaba ya shaba, tungekuwa watu wa mwisho kulisahau hilo.

Sasa nieleze kongelateri yangu. Ilikuwa ya mama mdogo, ambaye aliuzia samaki na maji kwa miaka mingi hadi kompresa ilipoungua usiku mmoja umeme uliporudi ukiwa na nguvu kupita kiasi. Kwa muda akaitumia kama meza, akiweka juu yake mifuko ya unga wa bukari. Nilipomwomba anipe alicheka, akasema: "Mwanangu, hata wanaonunua vyuma wameikataa, wewe unaitakia nini?" Alinipa kwa mfuko mmoja wa unga.

Jambo la kwanza nililojifunza, na ambalo habari yenu haikuligusa, ni kwamba kuta za kongelateri ya kulala zina mabomba ndani. Hazifanani na frigo za zamani ambazo mabomba yake yananing'inia mgongoni. Hapa yamezungushwa ndani ya ukuta, nyuma ya bati, na macho hayayaoni. Kijana anayeshika mashine ya kutoboa na kuanza ubavuni atakata bomba, na kama gesi ingali humo itamrukia usoni. Kifuniko hakina bomba, na mlango wa frigo ya kusimama vilevile hauna. Kwa hiyo matundu yangu yote mawili yako kwenye kifuniko. Katika tundu la kushoto nimeshusha bomba la plastiki la maji machafu, lenye upana wa sentimita 10, ambalo linafika karibu na sakafu na kupeleka hewa safi chini kabisa. Katika tundu la kulia nimefunga feni ya sentimita 12, ya volti 12, inayovuta hewa kutoka ndani na kuitupa nje. Hewa yenye joto hupanda yenyewe. Feni inaisaidia tu katika safari iliyokwisha kuianza. Feni hiyo inakula wati 2 hivi, na ikisukuma mita za ujazo 40 kwa saa inatosha kabisa kuondoa joto la wati 60 bila ndani kuzidi chumba kwa zaidi ya digrii 5 au 6. Mashine yangu ya sasa ni laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pamoja na diski mbili, na vyote kwa pamoja vinakula wati 25. Jana mchana kipimajoto kilionyesha digrii 29 chumbani na 32 ndani ya sanduku.

Kando za matundu lazima zizibwe. Povu likikatwa kwa msumeno hutoa chenga zinazovutwa hadi kwenye feni, na tena povu hilo huwaka vibaya sana likishika moto. Mimi nimelifunika kwa vipande vya bati la kopo na gundi ya karatasi ya aluminiamu, ili waya wowote usilale juu ya povu tupu. Bati la nje nimeliunganisha na waya wa ardhi. Nyumba nyingi za mtaa wetu hazina waya huo, na mtu mwenye sanduku la chuma linaloguswa na watoto, huku ndani mna volti 220, asianze kabla ya kuufunga.

Kisha kuna vumbi. Wakazi wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Juu ya bomba la kuingizia hewa nimeweka sifongo ambayo binti yangu anaiosha kila Jumamosi, na mwezi wa Agosti maji yake hutoka na rangi ya tofali. Chini ya sifongo kuna wavu wa waya kwa ajili ya mende, ambao wanapenda giza lenye joto kuliko sisi tunavyopenda intaneti.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini basi nijisumbue na kongelateri, ikiwa sifa yake ya baridi haina maana tena. Jibu ni kwamba ni kabati la chuma lenye kufuli, limenyanyuka kutoka sakafuni, maji ya paa linalovuja hayaingii kwa kuwa matundu nimeyafanyia vipaa vidogo vya bati, na mwizi anayeingia usiku akitafuta kompyuta hatashughulika kubeba kongelateri mbovu. Wanunuzi wa vyuma chakavu tu ndio ninaowaogopa, lakini hao wamekwisha kuikataa.

Kuhusu gesi, naomba jambo hili lichapishwe kwa herufi nene kama nafasi ipo. Kila frigo ina kibandiko, mara nyingi mgongoni au karibu na kompresa, kinachotaja gesi iliyomo. Frigo za zamani zina R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ni miongoni mwa gesi zilizosababisha mataifa kutia saini Itifaki ya Montreal mwaka 1987. Zilizofuata zina R134a, ambayo haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Nyingi za siku hizi zina R600a, yaani isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, na hiyo huwaka. Ikivuja mahali padogo palipofungwa, karibu na cheche ya swichi, inaweza kumjeruhi mtu. Wanaokata mabomba kwa koleo ili wauze shaba yake wanaiachia gesi yote hewani bila hata kusoma kibandiko. Mpelekee fundi wa frigo aitoe kwanza. Yule mzee wa Kamalondo aliyenifanyia kazi hiyo alinitoza pesa kidogo kuliko bei ya feni, na juu yake akanichorea kwa chaki mahali mabomba yanapopita.

Katika picha mliyochapisha nimeona pia betri ya gari imewekwa chini kabisa, pale palipokuwa na droo ya mboga. Nawasihi vijana wale waitoe leo. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Tena mvuke wa asidi hula taratibu kila kiunganishi cha shaba kilicho karibu nayo. Betri yenyewe ni wazo zuri. Ya kwangu ni ya volti 12 na ampea-saa 100, ambazo ni wati-saa 1,200. Kwa kuwa sipendi kuimaliza zaidi ya nusu ili isife mapema, natumia 600, na kwa mashine ya wati 25 hizo ni karibu saa 24 za delestaji. Lakini imesimama nje, chini ya dirisha lililo wazi, na waya wake unapita kwenye fyuzi kabla ya kuingia katika sanduku.

Mwandishi wenu alitaja vilevile mikrowevu kuwa sanduku la kuwekea vifaa. Hapa nitasema machache. Ndani yake kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 2,000, ambayo inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na imewahi kuua mafundi wenye uzoefu. Na hata ukiitoa salama, utagundua kichekesho: sanduku la mikrowevu limetengenezwa lizuie mawimbi ya karibu gigahezi 2.4 yasitoke, na waifai ya kawaida hutumia mawimbi hayohayo. Ukifunga ruta humo ndani na mlango ukafungwa, jirani aliye mlango wa pili huenda asipate kitu. Antena lazima itoke nje, na hata katika kongelateri ya bati ni vivyo hivyo.

Kazi ya sanduku langu si kubwa. Lina Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, lina Wikipedia nzima ya Kifaransa na ile ya Kiswahili zinazosomwa kwa programu ya Kiwix bila intaneti, lina masomo ambayo wanafunzi wawili wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaokaa kwetu huyaweka na kuyachukua, na lina maswali ya zamani ya mtihani wa taifa ambayo watoto wa barabara yetu huja kuyasoma jioni, wakikaa kwenye ukingo wa baraza na simu zao, bila kununua mega hata moja. Hakuna anayejali kwamba linaonekana kama takataka. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi Stanford mwaka 1996, waliweka diski 10 za gigabaiti 4 kila moja katika kabati walilolijenga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, na juu ya diski hizo ndipo ilipofanya kazi mashine ya utafutaji ambayo baadaye iliitwa Google.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ninawaomba mchapishe sahihisho kuhusu mlango, na mwandishi wenu akirudi kwa vijana wale aende na fundi wa frigo, si na mpiga picha peke yake. Kama watapenda kuiona ya kwangu, iko chumba cha mbele. Kifuniko chake hakigusi ukingo: nimekikalisha juu ya vipande viwili vya mbao, ili hata siku feni itakapokufa joto lipate pa kutokea.

Wenu,
Fundi wa kompyuta na msomaji wa siku nyingi,
Katuba, Lubumbashi